Mafunzo ya saratani kwa wauguzi wa ngazi ya chini: tumefundishwa kuona, hatukufundishwa kufuatilia

Nesi Mshika Tochi

Wadau, habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, akirudi atatukuta.

Mimi ni muuguzi wa ngazi ya chini kabisa, pale mgonjwa anapoanzia. Mwaka jana jina langu lilipita kwenda mafunzo ya saratani, siku tano. Siku tatu za kwanza ni slaidi: seli inavyoasi, jeni zinavyoharibika, hatua ya kwanza mpaka ya nne, dawa ambazo hata kutamka majina yake ni mtihani. Siku ya nne tukashika spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke ili uone mlango wa kizazi, kwenye mwanasesere wa plastiki. Ya tano, nusu siku na wanawake wa kweli. Mimi nilibahatika kuona milango ya kizazi mitatu. Mwenzangu aliona mmoja. Tukapiga picha ya pamoja, tukapewa vyeti, tukarudi makwetu.

Kurudi kituoni, asidi ya asetiki, ile siki ya kupimia mlango wa kizazi, hakuna. Spekulamu zipo mbili, moja imelegea skrubu. Chumba chenyewe mlango haufungi, na mwanamke hawezi kupanda kitandani huku watu wanapita koridoni. Cheti nimekibandika ukutani, kinanitazama.

Lakini linaloniuma si hilo. Kabla ya mafunzo nilimwandikia rufaa mama mmoja mwenye uvimbe titini. Nikajaza karatasi, nikaweka tiki kwenye rejista, nikalala usingizi wangu. Miezi mitatu baadaye nikakutana naye njiani. Kumbe alifika huko, akaambiwa mtaalamu hayupo, arudi wiki ijayo. Alirudi mara mbili, ya tatu nauli ikaisha. Kwenye rejista yangu kazi ilikuwa imekamilika.

Kwa hiyo nauliza wale mliofundishwa vizuri, au mnaofundisha: mafunzo ya saratani kwa muuguzi wa chini yanatakiwa yawe na nini hasa? Maana jeni za uvimbe sijazihitaji hata siku moja tangu nirudi.

Mpita Njia

Naweka kambi hapa. Nasubiri wajuzi.

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, siku tano si chache. Tatizo ni kwamba zilikuwa mbili zilizovaa nguo za tano.

Nimefundisha kipimo cha siki miaka mingi, kile mnachokiita VIA. Jicho halifundishwi kwa slaidi. Unampaka mwanamke asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, halafu unasubiri dakika moja nzima, kwa saa, siyo kwa kukadiria. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu. Sekunde ishirini tu wameshachungulia na kuandika "hana kitu", kumbe weupe ulikuwa unakuja taratibu.

Na weupe si wote weupe. Unaoutafuta ni mzito, una ukingo unaoonekana, na umegusa ule mstari ambapo aina mbili za ngozi ya mlango wa kizazi hukutana. Weupe hafifu usio na mpaka, ute uliokauka, maambukizi, ngozi changa inayobadilika kwa kawaida yake, vyote hivyo vitakudanganya mpaka umekaa na mtu anayejua, bega kwa bega, mkaangalia wanawake makumi. Wawili watatu hawatoshi hata kuizoea tochi.

Jambo lingine ambalo huwa halisemwi. Mama aliyekoma hedhi, ule mstari mara nyingi umeshaingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, huuoni. Hapo usiandike "hana tatizo". Andika kwamba kipimo cha siki hakimfai, apelekwe kwenye kipimo kingine. Nimeona vyeti vya "salama" vilivyoandikwa kwa wanawake ambao hakuna mtu aliyeona kilichotakiwa kuonwa. Hilo kwangu ni baya kuliko kutopima kabisa, maana anaondoka na amani ya uongo.

Dokta wa Rufaa

Niseme kinyume kidogo, msinitoe macho.

Sisi huku juu tunazidiwa. Kila mafunzo yakifanyika, mwezi unaofuata foleni inajaa vivimbe vya mafuta, chunusi za titi na milango ya kizazi yenye maambukizi ya kawaida. Yule mwenye saratani kweli anasubiri nyuma yao. Halafu VIA ni kipimo cha macho, watu wawili wanaangalia kitu kimoja wanatoa majibu mawili. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kiwe ndicho cha kwanza. Kwa nini tuendelee kuwafundisha wauguzi mambo ambayo dunia inayaacha?

Fundi Takwimu

Dokta, hoja yako ya pili ni ya kweli nusu. Naomba niijibu kwa utulivu.

Kule Dindigul, kusini mwa India, wauguzi waliofunzwa waliwapima wanawake kwa VIA, raundi moja tu ya upimaji. Matokeo yalichapishwa 2007: saratani mpya ya mlango wa kizazi ilipungua kwa asilimia 25 na vifo kwa asilimia 35, ukilinganisha na maeneo ambayo hayakupimwa. Mumbai walikwenda mbali zaidi. Waliopima hawakuwa hata wauguzi, bali wahudumu wa afya ya msingi waliofunzwa kwa kazi hiyo, raundi nne kila baada ya miaka miwili. Vifo vikashuka kwa asilimia 31. Haya ni majaribio makubwa yenye kundi la kulinganisha.

Kipimo cha HPV ni bora, sikatai. Kinakamata zaidi, hakitegemei jicho, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia bila spekulamu wala aibu. Ratiba yake nayo ni nyepesi: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU, kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5, kwa sababu hatari yake ni kama mara sita ya mwenzake.

Lakini jiulize, akikutwa na HPV nini kinafuata? Kuwa na kirusi siyo kuwa na saratani, maambukizi mengi mwili unayaondoa wenyewe. Lazima mtu amwangalie. Na kabla ya kuunguza kidonda kwa joto ili kisije kugeuka saratani, lazima mtu aamue: je, kidonda chote kinaonekana? Hakijaingia kwenye mfereji? Hakuna dalili ya saratani yenyewe? Uamuzi huo unafanywa kwa macho, na asidi ileile. Kwa hiyo ujuzi wa Mkunga haujapitwa na wakati, umehamia hatua ya pili tu.

Mkunga Mstaafu

Asante Fundi. Na kuunguza kwenyewe siyo jambo la kutisha. Kifaa kinashikwa mkononi, joto nyuzi 100 au zaidi, sekunde 20 hadi 30 kila unapokigusisha. Muuguzi anaweza. Cha kumkaririsha mpaka aote ni pale anapotakiwa KUTOUNGUZA. Ukiona kinyama kinachotoka damu ukikigusa, weka kifaa chini, andika rufaa.

Binti Mkubwa

Mimi si mhudumu wa afya. Nimesoma uzi wote nikiwa na mkono mdomoni.

Mama yangu alianza kutoka damu miaka minane baada ya kukoma hedhi. Alikwenda kituo mara nne. Mara ya kwanza dawa za maambukizi. Ya pili dawa za maambukizi, nyingine. Ya tatu vidonge vya kuongeza damu. Ya nne ndipo akapewa rufaa, na kwa wakati huo hata kukaa kwenye kiti alikaa upande.

Sitataja kituo wala mtu, na nesi wake alikuwa mwema sana. Alimpa pole, alimshika mkono. Ila katika mara zote nne hakuna aliyemwambia mama "panda kitandani nikuangalie". Hakuna. Dokta anasema foleni imejaa. Mama yangu hakuwahi kufika kwenye hiyo foleni.

Dokta wa Rufaa

Pole sana, Binti Mkubwa. Sina cha kujibu hapo.

Nesi Mshika Tochi

Dada yangu, pole. Na nakiri: mimi nimewahi kuandika dawa za maambukizi bila kuangalia. Siku yenye watu sitini nje, unaandika unachokijua.

Hili ndilo ningependa siku nzima ya mafunzo iende kwake: dalili ambazo hazistahili kuvumiliwa. Damu baada ya kukoma hedhi, hata tone moja. Damu baada ya tendo la ndoa. Uvimbe titini, au chuchu iliyoingia ndani ghafla, au ngozi ya titi iliyovutwa kama ganda la chungwa. Kidonda mdomoni au kwenye ngozi ambacho wiki tatu hakijapona. Chakula kinachokwama. Damu kwenye choo na mtu anakonda. Kikohozi kilichotibiwa kama kifua kikuu na hakijasikia dawa. Na mtoto ambaye mboni ya jicho inang'aa nyeupe, ambayo mara nyingi mzazi ndiye anaiona kwanza, kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa flashi. Hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho, na ikiwahiwa mtoto hupona.

Wengi wenye dalili hizi hawatakuwa na saratani. Najua. Lakini ukiisubiri dalili ya uhakika, umechelewa.

Mkunga Mstaafu

Nami nilikuwa na kanuni moja niliyowaambia wanafunzi wote: mgonjwa akirudi mara ya tatu na shida ileile, kalamu ya dawa iwekwe chini. Mvue, muangalie, muandikie rufaa.

Jirani Mwema

Si rahisi tu wauguzi wafundishe wanawake wajipime matiti nyumbani kila mwezi? Mnazunguka sana.

Fundi Takwimu

Jirani, hili lilijaribiwa kwa ukubwa ambao si rahisi kurudiwa. Shanghai, wanawake karibu 266,000 wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Nusu walifundishwa kujipima, wakakumbushwa, wakafanyishwa mazoezi. Matokeo ya mwisho yalitoka 2002: vifo vilikuwa sawa kwenye makundi yote mawili. Kilichoongezeka ni uvimbe usio na madhara uliokatwa na kupimwa bila faida.

Hiyo haina maana mwanamke asiyajue matiti yake. Ayajue, na akiona mabadiliko aje upesi. Ila usimbebeshe mzigo wa upimaji halafu ukaita huo mpango wa taifa.

Mkono wa mhudumu ni habari nyingine. Mumbai tena, wahudumu wa afya ya msingi waliwapima wanawake matiti kwa mikono, wakafuatiliwa miaka 20, matokeo yakachapishwa 2021. Saratani ziligunduliwa zikiwa katika hatua za chini. Kwa wanawake wote vifo vilipungua kwa asilimia 15, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema ni hakika. Kwa wenye miaka 50 na zaidi, vilipungua kwa karibu asilimia 30, na hiyo ilitosha.

Mkunga Mstaafu

Na kupima titi nako kuna ufundi wake. Siyo kubonyeza kama unachagua embe. Vidole vitatu, ile nyama laini ya ndani ya vidole, mduara mdogo, mara tatu kila mahali: juu juu, katikati, mpaka chini kwenye mbavu. Kuanzia mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, hadi chini ya titi, na kwapa lisisahaulike. Titi moja likifanywa sawasawa linachukua dakika kadhaa. Ukimaliza yote mawili kwa nusu dakika umemsalimia tu.

Bwana Maabara

Nimekuwa msomaji, sasa acheni nilalamike.

Mnasema mafunzo, mafunzo, na hakuna hata mmoja aliyetaja chupa. Kinyama cha kupima saratani kinachukuliwa vizuri na daktari wa kituo, kisha nesi anaambiwa "kitume". Kinafika kwangu kikiwa kwenye maji ya chumvi, kimeoza. Au kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, tone moja, kama mtu anayemkaribisha mgeni bila kumpa kiti. Au jina limeandikwa kwenye kifuniko! Vifuniko vya chupa nne vikifunguliwa mezani kwa wakati mmoja, ya nani ni ipi?

Nusu saa tu kwenye ratiba inatosha. Fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, kiasi cha mara kumi ya ukubwa wa nyama. Jina na tarehe kwenye mwili wa chupa. Karatasi iseme nyama imetoka wapi, upande gani, na mnashuku nini. Mkiandika "sampuli" peke yake nami nitajibu "nyama".

Nesi Mshika Tochi

Bwana Maabara umenichekesha na kunitia aibu kwa pamoja. Hilo la kifuniko nimelifanya.

Mzee wa Baraza

Nyie vijana mnaongea vizuri, lakini hizi chanjo za mabinti ndizo zinaleta ugumba. Muuguzi wa kweli angewalinda watoto wetu na hilo kwanza.

Nesi Mshika Tochi

Mzee wangu, shikamoo. Swali hili naulizwa kila wiki, tena na wazazi wanaowapenda watoto wao kama wewe, kwa hiyo sitalijibu kwa dharau.

Chanjo ya HPV haina kirusi. Ina ganda lake tupu tu, mwili unajifunza sura yake. Iliidhinishwa kwa mara ya kwanza 2006, na mabinti wa kwanza kuchanjwa leo ni wanawake wazima wenye watoto wao. Aina mbili za kirusi, 16 na 18, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na zote mbili zimo kwenye chanjo. Uswidi walipowafuatilia wasichana waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17, saratani hii ilikuwa pungufu kwa asilimia 88. Uskoti, kati ya wale waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 au 13, hawakukuta hata mgonjwa mmoja. Na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba hata dozi moja inaweza kutosha kwa mabinti wadogo.

Kinachoharibu uzazi, Mzee, ni saratani yenyewe. Na matibabu yake ikichelewa: kizazi kinaondolewa, au mionzi inayakausha mayai.

Mzee wa Baraza

Marahaba. Nimekusikia. Sijasema nimekubali.

Nesi Mshika Tochi

Inatosha, Mzee. Karibu uendelee kusoma.

Jirani Mwema

Mbona kinga nyingine hamzisemi? Sigara, pombe?

Mkunga Mstaafu

Kweli, tumezama kwenye vidonda tukasahau mlango. Tumbaku ndiyo inayobeba karibu robo ya vifo vyote vya saratani duniani. Kumuuliza mgonjwa kama anavuta, kumwambia wazi aache, kupima kama yuko tayari, kumsaidia na kumpangia siku ya kurudi, dakika tatu. Pombe inahusishwa na aina saba za saratani, likiwemo titi, na hilo la titi wanawake wengi hawajawahi kuambiwa.

Na kuna kinga mnayoifanya bila kujua jina lake. Mkunga anayemchanja mtoto dhidi ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa anazuia saratani ya ini ya miaka arobaini ijayo. Hakuna anayempa cheti kwa hilo, wala kumpiga picha.

Nesi wa Majumbani

Nimechelewa kufika. Mimi natembelea wagonjwa nyumbani, wale waliokwisha kupata matibabu kule juu na kurudishwa kwetu na mfuko wa dawa na karatasi isiyosomeka. Mafunzo yote niliyoyaona yanaishia kwenye kugundua. Mgonjwa akishagunduliwa anakuwa "wa wale wa mjini". Lakini usiku saa nane akipata homa hapigi simu mjini, anakuja kunigongea mimi.

Homa kwa mtu aliye kwenye dawa za kemo siyo homa ya kawaida. Kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu dripu ya mwisho, chembe nyeupe za damu zinakuwa zimeshuka kabisa, na maambukizi yanaweza kumuua kwa saa chache bila usaha wala uvimbe wa kuonekana. Nyuzi 38, mgonjwa anaondoka sasa hivi. Usimpe panado ukasema tuone asubuhi. Huko anakokwenda antibiotiki ya mshipa inatakiwa iwe imeingia ndani ya saa moja. Mimi niliwahi kumwambia mtu tuone asubuhi. Sijawahi kurudia.

La pili, mgongo. Mgonjwa wa saratani ya titi au ya tezi dume akilalamika mgongo mpya unaouma usiku, na miguu inalegea au mkojo unagoma, uti wa mgongo unabanwa. Akipelekwa akiwa bado anatembea, ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Akipelekwa akiwa ameshapooza, mara nyingi ndiyo hivyo tena.

La tatu ni mofini. Hapa kuna hofu hata kwetu wauguzi. Ndugu wanaificha kabatini "tusije tukamzoesha". Maumivu ya saratani yanatibiwa kwa saa, siyo kwa kilio: dozi kwa ratiba, kabla maumivu hayajarudi. Na siku ileile unapoanza mofini unaanza dawa ya kulainisha choo. Mgonjwa ataizoea ile sinzia ya siku za kwanza, choo kigumu hatakizoea kamwe. Nimeona watu wakikataa mofini na kurudi kwenye maumivu, na kisa chote kilikuwa choo.

Na kwa ndugu wanaomuogesha: glavu, hasa saa 48 za kwanza baada ya dripu, kwa mkojo, choo na matapishi. Hakuna anayewaambia.

Binti Mkubwa

Hilo la mofini, kabatini, ni sisi. Tulidhani tunamlinda.

Nesi wa Majumbani

Dada, mlimlinda kwa mlichoambiwa. Na aliyetakiwa kuwaambia ni mtu kama mimi.

Fundi Takwimu

Turudi kwenye rejista ya mwenye uzi, maana ndipo swali lilipoanzia.

Mpango wa dunia wa saratani ya titi unahesabu vitu vitatu: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipojitokeza, na asilimia 80 wamalize matibabu. Angalieni cha katikati. Siku 60 haziwezi kuhesabiwa na mtu anayeweka tiki siku ya rufaa. Kwenye mlango wa kizazi ni hivyohivyo, lile lengo la 2030: asilimia 90 ya mabinti wachanjwe kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakifika 35 na tena 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo watibiwe. Wengi tunashangilia ile 70. Ile 90 ya mwisho ndiyo inayozuia kaburi, na inapotea hapo katikati ya kituo na kituo.

Kwa hiyo daftari, mistari iliyopigwa kwa rula. Jina, namba yake ya simu na ya ndugu mmoja, tarehe ya kuandikiwa rufaa, tarehe aliyofika, tarehe ya majibu, tarehe ya kuanza matibabu. Kila Ijumaa unapitia visanduku vitupu. Nafasi tupu ni simu ya kupiga. Rufaa haijaisha mpaka majibu yarudi kwako.

Mkunga Mstaafu

Na mwenye kufundisha awe na daftari lake la waliofunzwa. Aliyefunzwa na hajapima mtu miezi sita, jicho limeshakufa, arudishwe.

Dokta wa Rufaa

Nimerudi. Nimekaa na huu uzi siku tatu.

Majibu yarudi kwako, anasema Fundi. Karatasi ya rufaa ina kipande cha chini cha kukata, "mrejesho kwa aliyetuma". Leo asubuhi nimejiuliza ni lini mara ya mwisho nilikijaza. Sikumbuki. Nalalamika wananiletea chunusi za titi, na hakuna hata siku moja nimemwambia nesi "hii ilikuwa chunusi, na hii ndiyo sababu". Wangejifunzia wapi?

Kuna mfumo unaitwa ECHO, aliuanzisha daktari Sanjeev Arora huko New Mexico, Marekani, 2003, kwa ajili ya homa ya ini C. Mgonjwa habebwi kwenda kwa bingwa. Bingwa na wahudumu wa vituo vya mbali wanakutana kwa video kila wiki, mhudumu analeta mgonjwa wake bila kutaja jina, wanamjadili. Sasa unatumika hata kwenye saratani. Sisi hatuna video ya maana, lakini simu tunazo. Alhamisi saa nane mchana huwa sina kliniki. Nianze na vituo vitano, kila kimoja kilete mgonjwa mmoja.

Foleni bado imejaa, hilo sijalifuta.

Bwana Maabara

Dokta, nami niite. Nitaleta chupa.

Nesi Mshika Tochi

MREJESHO.

Wadau, wiki ya sita sasa. Mlango wa chumba umepata kitasa, tulichanga wenyewe. Asidi imekuja chupa mbili. Mafundi wa slaidi sijawasikia.

Daftari nimelipiga mistari. Kabla ya kuanza mapya nilirudi nyuma mwaka mzima nikatoa rufaa zote nilizoshuku saratani. Kumi na moja. Nikaanza kupiga simu. Sita walifika na wana majibu, na wanne kati yao majibu ni mazuri. Yule mama wa titi ni mmoja wa hao wanne. Uvimbe wake haukuwa saratani, na mimi nilikuwa nimeshamzika moyoni. Watatu hawakufika kabisa. Wawili kati ya hao nimewapangia Alhamisi kwa Dokta, wa tatu amesema atafikiria, nami nitampigia tena. Mmoja namba haipo hewani.

Wa kumi na moja ni wa damu baada ya hedhi kukoma, nilimwandikia mwezi wa pili. Simu imepokelewa na mtoto. Anasema bibi amelala. Nimemuuliza huwa anaamka saa ngapi.